Kibali cha Kuugua

Septemba 2016 Chris Bosh alikuwa na umri wa miaka 32. Alikwisha kutwaa ubingwa wa NBA mara mbili akiwa na Miami Heat, alikwisha kuteuliwa kwenye mechi ya nyota mara 11, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimwambia kila aliyetaka kumsikiliza kwamba yeye ni mzima na anataka kucheza. Klabu ikampima, ikamjibu hapana. Julai 2020 Elena Delle Donne, mchezaji bora wa msimu uliotangulia katika WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, alisema maneno yaliyo kinyume kabisa: mimi ni mgonjwa, naomba nisicheze. Jopo la madaktari likapitia faili lake, nalo likamjibu hapana.

Nimezoea kuzitazama kesi hizi mbili kwa pamoja, maana kila moja ikiwa peke yake inaeleweka upesi mno. Ukimtazama Bosh pekee utasema madaktari ndio wajuao, mwanariadha ni mtu wa mori, na bora alie leo akiwa hai. Ukimtazama Delle Donne pekee utasema madaktari ni watu wa karatasi, mgonjwa ndiye ajuaye. Ukizitazama pamoja, kila jibu la haraka linalomfaa mmoja linamdhulumu mwenzake. Inabidi kuuliza upya: ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba mwili fulani ni mzima au ni mgonjwa, na akishatamka, amesema nini hasa?

Nianze na Bosh, kwa kuwa watu wengi huona kesi yake ni rahisi.

Katikati ya Februari 2015 alikuwa na maumivu ya ubavu. Kwa mtu anayepigwa viwiko usiku mara tatu au nne kwa wiki, maumivu ya ubavu si habari. Vipimo vikaonyesha mabonge ya damu kwenye mapafu. Mara nyingi safari ya bonge kama hilo huanzia mguuni: damu huganda ndani ya mshipa ulio chini ya misuli, kipande kikang'oka, kikapanda na mkondo wa damu, kikapita moyoni na kunasa kwenye mishipa ya mapafu. Kikiwa kikubwa, mtu hufa katika dakika chache. Wiki hiyohiyo Jerome Kersey, nyota wa zamani wa Portland, alifariki kwa sababu hiyohiyo akiwa na miaka 52. Bosh alilazwa, akatibiwa, akapona, na msimu ulipoanza Oktoba akarudi uwanjani kana kwamba hakuna kilichotokea. Alicheza mechi 53 kwa wastani wa pointi 19. Halafu Februari 2016 bonge jingine likaonekana mguuni.

Damu ikiganda mara ya kwanza, mtu huitaja kama tukio. Ikiganda mara ya pili, tukio limekuwa hali ya maisha. Hapo madaktari huanza kuzungumzia dawa za kudumu za kuzuia damu isigande, na dawa hizo ndizo zinazomtoa mtu uwanjani hata kuliko ugonjwa wenyewe. Anayezitumia akigongwa kichwa au tumbo, damu inayovuja ndani haikomi kwa urahisi, na chini ya kikapu watu wenye kilo mia na zaidi hugongana wakiwa hewani. Taarifa za wakati ule zilieleza mpango ambao Bosh na madaktari wa upande wake waliufikiria: kuna dawa mpya ambazo hutoka mwilini baada ya saa chache, basi azimeze kwa ratiba, ili mechi inapoanza damu yake iwe sawa na ya mchezaji mwingine yeyote, na mechi ikiisha azimeze tena. Klabu haikukubali. Kila usiku wa mechi angekuwa na saa kadhaa asizo na kinga, na msimu una mechi 82 pamoja na safari ndefu za ndege zinazomkalisha mtu bila kuisogeza miguu.

Ninaupenda mpango ule hata kama haukukubaliwa. Ni mpango wa mtu aliyeujua ugonjwa wake hadi kwa saa na dakika, akajaribu kupenya katikati ya hatari mbili, ya damu kuganda na ya damu kutokoma. Hakuwa mjinga aliyeficha vyeti. Alikuwa mgonjwa mjuzi anayesema: nimeisoma hatari hii kuliko ninyi, na nimeikubali.

Kwetu tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa kawaida tunaitumia methali hii kumtetea anayelala. Mwenye maumivu anayajua, wewe wa nje unakisia. Elaine Scarry, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu maumivu, aliona kwamba kwa anayeumwa hakuna jambo lenye uhakika kama maumivu yake, na kwa anayeelezwa hakuna jambo linalotiliwa shaka upesi kama hilo. Ni kweli. Lakini methali ina upande ambao hatuuzungumzi. Aliyelala kitandani amelala. Kunguni humnyonya gizani, na mara nyingi anayemwona wa kwanza ni yule aliyesimama kando na taa.

Bonge la damu laweza kukaa mguuni bila dalili yoyote. Figo ni mbaya zaidi, huharibika kimyakimya kwa miezi na miaka. Alonzo Mourning alirudi kutoka Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na medali ya dhahabu shingoni, akiwa mlinzi bora wa NBA kwa misimu miwili mfululizo, na Oktoba mwaka huohuo akaambiwa vichujio vya figo zake vinageuka makovu. Mwaka mmoja kabla yake, Sean Elliott wa San Antonio alikuwa na ugonjwa uleule, tena yeye akijua. Tarehe 31 Mei 1999, zikiwa zimebaki sekunde chache dhidi ya Portland, aliudaka mpira ukingoni mwa uwanja, akasimama kwa ncha za vidole huku visigino vikielea juu ya mstari wa pembeni, akarusha pointi tatu na timu yake ikashinda kwa pointi moja. Mtupo ule unaoneshwa mpaka leo. Anayeutazama anaona mwili uliokamilika, uzani umekaa sawa kwenye ncha za vidole. Figo zake zilikuwa zinakufa. Mwezi uliofuata alitwaa ubingwa, na Agosti alipandikizwa figo ya kaka yake.

Kwa hiyo si jicho la mtazamaji linaloaminika, wala si hisia ya mwenyewe peke yake. Ugonjwa wa muda mrefu hutenganisha mambo mawili ambayo mafua na malaria huyaweka pamoja: kujisikia mgonjwa na kuwa na ugonjwa. Malaria ikikupata, mwili na maabara hutoa habari moja. Bosh alikuwa na ugonjwa bila kujisikia mgonjwa. Delle Donne alijisikia mgonjwa, na ugonjwa wake ni wa aina ambayo maabara na mwili vimeshindwa kuelewana.

Ugonjwa wa Lyme huletwa na bakteria wanaoingizwa mwilini na kupe. Ukigunduliwa mapema, wiki chache za antibiotiki humaliza kazi kwa wagonjwa wengi. Wapo hata hivyo wanaobaki na uchovu, maumivu ya viungo na kichwa kisichotulia muda mrefu baada ya tiba, na juu ya hao madaktari wamegawanyika vibaya. Wengine hutibu kwa miaka. Vyama vikubwa vya madaktari wa magonjwa ya kuambukiza haviungi mkono tiba ya namna hiyo, na baadhi ya madaktari hawakubali hata jina la ugonjwa linapoongezewa neno sugu. Delle Donne ameishi katikati ya mgogoro huo tangu 2008. Katika makala aliyoandika Julai 2020 alieleza ratiba yake: vidonge 25 kabla ya kifungua kinywa, 20 baada yake, 10 kabla ya chakula cha jioni, 9 kabla ya kulala. Jumla 64, kila siku.

Mtu wa vidonge 64 ndiye aliyemaliza msimu wa 2019 akiwa mchezaji wa kwanza katika historia ya WNBA kufikisha, kwa msimu mmoja, asilimia 50 ya mitupo ya kawaida, 40 ya pointi tatu na 90 ya mitupo huru. Mitupo huru yenyewe alifikisha asilimia 97. Kisha akacheza fainali na diski tatu za uti wa mgongo zikiwa zimechomoza, na Washington Mystics wakawa mabingwa. Mwaka uliofuata korona ikaja. Ligi ikaamua kuwakusanya wachezaji wote Bradenton, Florida, wakae na kucheza humo bila kutoka. Mwenye hatari ya kiafya aliruhusiwa kuomba asamehewe na kulipwa mshahara wake. Asiye nayo akikataa kwenda, mshahara unakatika. Daktari wake aliandika kwamba yuko hatarini. Jopo likasema hayumo. Ligi ilikuwa inafuata mwongozo wa mamlaka ya afya ya Marekani kuhusu walio hatarini, na ugonjwa wa Lyme haukuwa kwenye orodha. Katika makala yake alisema kwamba jopo halikuzungumza naye wala na madaktari wake hata mara moja.

Hapo ndipo ninapokasirika, na hasira yangu haihusu orodha. Huenda orodha ilikuwa sahihi. Korona ilikuwa na miezi michache tu duniani, na hakuna aliyekuwa na takwimu za wenye Lyme. Jopo ambalo lingekiri kwamba halijui lingeweza kumuuliza anayejua japo kidogo. Mwanamke huyu amekulia katika nyumba ambayo dada yake mkubwa amezaliwa haoni na hasikii. Mwaka 2008 aliacha chuo chenye timu bora ya wanawake nchini mwake, baada ya siku chache tu, akarudi nyumbani kuwa karibu na dada huyo ambaye mawasiliano yao ni ya kugusana. Familia hiyo imelazimika kujifunza kuusoma mwili usioweza kujieleza kwa maneno. Yeye alikuwa na maneno, aliyaandika kwa ufasaha, na waliopaswa kuyasikia hawakumwita.

Tena nadhani ubora wake ulitumika kama ushahidi dhidi yake, ingawa hakuna aliyelitamka hilo. Mgonjwa gani anatupa asilimia 97? Mgonjwa wa muda mrefu akijitahidi, jitihada yake huufuta ugonjwa wake machoni pa watu. Asipojitahidi, huitwa mvivu. Kila mwajiriwa aliyewahi kwenda kuomba ED, ruhusa ya kutofanya kazi kwa ugonjwa, kwa maradhi yasiyo na bandeji anayajua macho ya yule anayeipokea karatasi.

Georges Canguilhem, daktari na mwanafalsafa wa Kifaransa, katika tasnifu yake ya mwaka 1943 aliukataa mtazamo kwamba mgonjwa ni mtu aliyepungukiwa na kipimo fulani cha kawaida. Kwake, mwili mzima ni ule unaoweza kujiwekea kanuni mpya mazingira yanapobadilika. Mgonjwa naye ana kanuni yake, ila ni moja, nyembamba, na inadumu tu mradi mambo ya nje yasitikisike. Sijui maelezo mengine yanayomfaa Delle Donne kuliko haya. Mwaka 2019 alikuwa amejitengenezea kanuni ya vidonge 64, na ndani ya kanuni hiyo alikuwa mzima kuliko wachezaji wengine wote wa ligi. Mwaka 2020 damu yake haikubadilika. Dunia ndiyo iliyobadilika, na kanuni iliyomtosha jana ikawa haina nafasi ya kosa hata moja. Swali la jopo, je, huyu yuko hatarini, liliulizwa kana kwamba jibu limo ndani ya ngozi yake na kazi ni kulichimbua. Jibu lilikuwa baina ya ngozi yake na Bradenton.

Kwa Bosh ni vilevile. Mweke studio akichambua mechi, ana kidonge chake mfukoni na ni mzee wa familia mwenye afya. Mweke chini ya kikapu, damu ileile inakuwa tishio la maisha. Kuna kosa ninaloliona hata kwa waandishi wazuri wa michezo, la kuandika kwamba vipimo vilionyesha kama mchezaji anafaa au hafai. Vipimo huonyesha protini kwenye mkojo, bonge kwenye mshipa, kingamwili kwenye damu. Kufaa ni neno la watu. Wanalitamka baada ya kupima hatari na kuamua ni kiasi gani kinavumilika, na nani atakibeba. Daktari anayesema hafai ametoa hukumu huku amevaa koti la mpimaji, na koti hilo ndilo linalotuzuia kumuuliza ametumia mizani gani.

Basi ikiwa ni uamuzi, ni wa nani?

Jibu la kwanza linalokuja ni la John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859 kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa faida yake mwenyewe. Mipaka inaanza pale anapomdhuru mwingine. Mwili wangu, hatari yangu. Kwa jibu hili Bosh angecheza na Delle Donne angebaki nyumbani, na jambo lingekwisha. Nalikubali nusu. Nusu ya pili inakwama kwenye mambo matatu, na la kwanza ni la kusikitisha.

Aprili 29, 1993, katika mechi ya mtoano, Reggie Lewis wa Boston Celtics alianguka uwanjani. Klabu ikakusanya mabingwa wa moyo zaidi ya kumi, wakasema misuli ya moyo wake ina kasoro na huenda asicheze tena. Lewis akaondoka hospitali usiku, akahamia nyingine, akampata daktari aliyesema tatizo ni la neva, dogo, na anaweza kurudi mchezoni. Julai 27 alikuwa akirusha mipira kwenye uwanja wa mazoezi, akaanguka tena, akafa. Alikuwa na miaka 27. Mtu anapoachiwa achague mwenyewe, hachagui hatari tu. Huchagua pia daktari, na kila mmoja wetu humpenda daktari mwenye jibu tamu. Uhuru wa mgonjwa unategemea habari, na habari anaichuja kwa matamanio yake kabla haijamfikia. Kati ya wapinzani waliokuwa uwanjani usiku ule alikuwamo kijana wa Charlotte Hornets katika msimu wake wa kwanza, Alonzo Mourning.

Jambo la pili analileta Mourning mwenyewe. Desemba 19, 2003, baada ya kustaafu kwa mara ya kwanza, alipandikizwa figo ya binamu yake Jason Cooper, mwanajeshi mstaafu ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Figo iliyopandikizwa haikai mahali pa ile ya asili, nyuma chini ya mbavu. Hukaa mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga, mahali ambapo kiwiko hufika kirahisi. Mwaka 2004 Mourning akarudi kucheza. Ninaposoma habari zake, sentensi ya mwili wangu, hatari yangu hunishinda kuimalizia. Sehemu ya mwili ule ilitolewa na mtu aliyelala juu ya meza ya upasuaji akiwa hana ugonjwa wowote. Je, anayepewa figo huimiliki kama anavyomiliki goti lake, au ana deni la kuitunza? Binamu angekuwa na haki ya kusema usicheze? Nafikiri hana haki ya kukataza, na nafikiri Mourning angekuwa mtu wa ajabu kama asingemfikiria. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na falsafa ya Mill haina mahali pa kuliweka hilo la pili. Kwa watu waliokulia mahali ambapo maradhi ya mmoja huitisha kikao cha ukoo na mchango, hili si jipya: mwili wa mgonjwa una wadau. Sisemi hivyo kwa kusifia tu. Wadau nao huwa na ndimi, na kuna wagonjwa wanaomaliza nguvu zao kwa kuwaridhisha wadau.

Jambo la tatu ni fedha. Bosh alisaini mwaka 2014 mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 118, na mkataba ule ulimlinda: acheze asicheze, analipwa. Kwa hiyo hakuwa akidai mshahara, alikuwa akidai kazi. Klabu nayo ilikuwa na hesabu yake. Kanuni za NBA zinaweka kikomo cha jumla ya mishahara, na mchezaji aliyethibitishwa kwamba ugonjwa umemaliza maisha yake ya mchezo aliweza kuondolewa kwenye hesabu hiyo mwaka mmoja ukishapita tangu mechi yake ya mwisho, nafasi ikabaki ya kusajili wengine. Mechi ya mwisho ya Bosh ilikuwa Februari 9, 2016. Julai 2017 aliachwa rasmi. Simaanishi kwamba klabu ilimsingizia ugonjwa, bonge halisingiziwi. Ninachosema ni kwamba mwenye kutamka hafai alikuwa na faida katika neno hilo, na neno linaweza kuwa la kweli na lenye faida kwa msemaji bila kupungua ukweli. Ila linahitaji shahidi asiyekula kwenye sahani hiyo. Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji ulioanza 2017 uliweka jopo la madaktari kwa kesi za aina hii, pande zote mbili zikiwa na mkono katika kuliteua, na wengi walitambua kwamba Bosh ndiye aliyelizaa.

Baada ya yote hayo nina msimamo, nao hauko sawa kwa pande mbili. Nadhani Miami walikuwa na haki ya kumkatalia Bosh, ingawa mikono yao haikuwa mitupu, na nadhani Delle Donne alidhulumiwa, ingawa huenda jopo lilikuwa sahihi kuhusu virusi.

Sababu ni hii. Anayesema hapana kwa mwili wake anahitaji mtu mmoja tu, yeye. Hamwiti mwingine ashiriki. Anayesema ndiyo kwenye uwanja wa kulipwa anawahitaji watu wengi: kocha wa kumwingiza, daktari wa kutia saini, wenzake wa kumpasia na wapinzani wa kumgonga, na umma ulionunua tiketi. Hatari aliyoikubali Bosh isingebaki kuwa yake. Kijana wa timu pinzani ambaye angemkanyaga kwa bahati mbaya usiku wa damu nyepesi angeibeba maisha yake yote. Uhuru wa Bosh wa kujihatarisha ulikuwa kamili, na angeweza kuutumia kwenye uwanja wowote wa mtaani bila kuomba kibali. Alichokosa ni haki ya kuwafanya wengine wawe washirika, na haki hiyo hakuna aliye nayo. Delle Donne hakuomba ushirika wa mtu. Aliomba kuachwa.

Najua pingamizi, maana kila meneja hulisema: neno hapana la mgonjwa likitosha, kila mtegaji atakuwa mgonjwa. Watakuwapo, na jopo linaweza kuwatafuta. Lakini hebu tuhesabu gharama ya makosa ya pande zote. Mtegaji akipita, ligi imelipa mshahara mmoja bila kazi. Mwaka 2020 kiwango cha juu kabisa kwa mchezaji wa WNBA kilikuwa dola 215,000, fedha ambayo nyota wa NBA huipata kwa mechi moja. Mgonjwa wa kweli akikataliwa, analazimika kuchagua kati ya pafu na kodi ya nyumba. Delle Donne mwenyewe hakufikishwa huko, kwa kuwa Mystics waliamua kumlipa bila kujali uamuzi wa jopo, na alikuwa na jina lililofanya makala yake isomwe nchi nzima. Ninamwaza zaidi mchezaji wa kiwango cha chini, wa dola 57,000, mwenye ugonjwa uleule na asiye na msomaji hata mmoja. Huyo hatujamsikia, na hatutamsikia, maana alikwenda.

Yaliyofuata hayakumthibitisha mtu. Jezi ya Bosh ilitundikwa juu ya uwanja wa Miami mwaka 2019 na mwaka 2021 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Delle Donne alirudi, lakini mgongo ulimpa taabu kuliko Lyme. Msimu wa 2021 alicheza mechi tatu tu, na mwaka 2025 akatangaza kustaafu. Mourning aliyerudi na figo ya binamu alitwaa ubingwa na Miami mwaka 2006, na katika mechi ya mwisho ya fainali alizuia mitupo mitano akitokea benchi. Desemba 19, 2007, miaka minne kamili tangu apandikizwe, akiwa uwanjani Atlanta, alikata kano ya goti la kulia na hakucheza tena mechi ya ligi. Figo ilikuwa inafanya kazi vizuri.